Tunapojiandaa Kuizunguka Ngazidja



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wasomaji wakubwa wa jarida hili, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), napenda juma hili niwazungumzie safari ambayo bado haijakwenda. Ada ya waandishi ni kusafiri kwanza, kurudi, kupumzika, ndipo wakaandika. Mimi naandika nikiwa nimekaa barazani kwangu, ramani imetandazwa juu ya mkeka, mke wangu anahesabu siku kwa vidole, na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 78, huniuliza kila baada ya swala ya alasiri kama tiketi zimekatwa.

Tunakusudia kwenda Komoro, katika kisiwa cha Ngazidja, tukizunguke chote kwa gari. Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Dubai, atakuagiza vitu. Ukimwambia unakwenda Komoro, atakuuliza kuna nini huko. Nami naona ajabu, kwa kuwa hakuna nchi ya ng'ambo iliyo karibu nasi kwa dini, madhehebu na lugha kuliko hiyo. Habib Swaleh, ambaye Maulidi yake huwakusanya watu Lamu kila mwaka, alizaliwa Ngazidja. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi wa Zanzibar na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa pwani hii, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Kinachosemwa huko ni ndugu ya Kiswahili chetu, ingawa ndugu aliyelelewa nyumba nyingine: ukimpa mtu kitu, atakujibu "marahaba", naye hakusudii kuitikia shikamoo yako bali anakushukuru. Mara ya kwanza nilipojibiwa hivyo na kijana mdogo nusura nimkemee.

Kabla sijaingia katika barabara na magari, yanipasa niseme kwa nini tunakwenda. Safari hii si ya matembezi, ingawa nami, Mungu anisamehe, nilianza kuipanga kana kwamba ni ya matembezi.

Mwaka 1975 nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Katika nyumba ya pili kutoka yetu, Mji wa Kale, alikaa mama mmoja mshoni wa kofia. Sisi watoto tulimwita Mama Mngazija, wala hatukujua kwamba hilo si jina. Nakumbuka harufu ya mlangilangi katika nguo zake, na nakumbuka bintiye mdogo aliyenizidi mwaka mmoja au miwili. Yeye ndiye aliyemfunza mama yangu kushona kofia, kazi ambayo baadaye ilitulisha. Mwaka huo, Komoro ilipojitangazia uhuru wake tarehe 6 Julai, alikuwa amepata habari kwamba mamake ni mgonjwa kwao Singani. Akafunga safari pamoja na mtoto. Usiku wa kuamkia kuondoka alimletea mama kibweta, na ndani yake mlikuwa na bangili mbili za dhahabu na kipini kimoja. Akasema ni za binti yake, za siku ya harusi, naye anaogopa kutembea nazo baharini. Atarudi baada ya miezi mitatu.

Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Mwezi wa Aprili 1977 mlima Karthala ulipasuka ubavuni, upande wa kusini-magharibi, na mto wa moto ukateremka mpaka Singani ukaifunika. Wenyeji husimulia kwamba ule moto ulipoifikia skuli uligawanyika ukaizunguka, ukaiacha imesimama katikati. Watu walipata muda wa kukimbia, lakini walitawanyika, na huku kwetu nani angemjua nani alikwenda wapi? Mama alisikia habari hiyo redioni. Akakitia kibweta ndani ya sanduku kubwa la nguo, chini kabisa.

Mwaka 1998 baba yetu, Allah amrehemu, aliugua maradhi marefu. Mama aliuza bangili zake mwenyewe, kisha cherehani, kisha kiwanja alichorithi kwa mamake. Kibweta hakukifungua. Miaka kidogo kabla ya hapo mimi nilikuwa nimerudi kutoka masomoni, kijana mwenye kilemba kipya, nikamwambia kwamba mwenye amana akipotea na matumaini yakakatika, wanazuoni wameruhusu mali yake itolewe kwa maslahi ya Waislamu kwa niaba yake. Aliniuliza neno moja tu: "Umeshamtafuta?" Nikanyamaza.

Jambo la kuona haya zaidi ni hili. Mwaka 2014 nilialikwa Moroni na jamaa wa madrasa moja, nikakaa siku nne. Tulikula, tulisoma, tulizuru. Singani ni mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka Moroni, nami sikwenda. Kila siku nilisema kesho, na siku ya nne ilikuwa ya uwanja wa ndege. Niliporudi mama alinipokea, akanipa maji, akaniuliza, "Singani ulifika?" Nilimwambia nafasi ilikuwa finyu. Hakunilaumu. Kwa miaka kumi na moja sasa neno hilo hukaa kifuani mwangu kila nisomeshapo mlango wa wadia, yaani amana, kwa vijana wetu.

Basi safari ndiyo hiyo. Sasa tuje kwenye mipango.

Kisiwa chenyewe hakina ukubwa. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 65, na barabara imekizunguka karibu na bahari, ikiacha Karthala katikati na urefu wake wa mita 2,361. Mtu mwenye haraka anaweza kukizunguka kwa siku moja, lakini atateremka garini akiwa na maumivu ya mgongo na hana alichokiona. Barabara nilizozijua zilikuwa na mashimo, na vijiji vimeshikana nayo kiasi kwamba watoto na mbuzi wanaitumia kuliko magari. Nilidhani nitakodi gari niliendeshe mwenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba huko, kwa desturi ya Wafaransa, magari hupita mkono wa kulia, na mtu wa miaka 55 aliyezoea kushoto tangu ujana wake hana sababu ya kwenda kujifunza akiwa amembeba mamake. Tumepata dereva wa Moroni, mtu mzima mwenye gari la viti vinane, aliyejulishwa kwetu na wale jamaa wa 2014. Mama atakaa mbele kwa ajili ya magoti yake.

Fedha ya huko ni faranga ya Komoro, nayo imefungwa na yuro: yuro moja ni faranga 492 hivi, jana na leo. Kwa hiyo tunabeba yuro, tena noti ndogo ndogo, kwa kuwa nje ya Moroni usitegemee mashine za benki. Simu zetu za kutumiana pesa, ambazo hapa zimetufanya tusahau pochi, tutaziacha mfukoni.

Mke wangu aliuliza mambo mawili ambayo mimi sikuyafikiria, na nadhani kila mama anayesoma hapa angeyauliza. La kwanza ni maji. Ngazidja haina mito. Mvua hunyesha nyingi, lakini ardhi yake ni mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo, maji huzama yote, na tangu zamani watu hukinga mvua katika birika kubwa za nyumba na misikiti. Karthala ilipolipuka mwaka 2005 majivu yaliingia katika birika hizo, watu wakakosa maji ya kunywa. Kwa hiyo gari letu litabeba madumu mawili, moja la kunywa na moja la udhu na haja, wala hatutaenda kumaliza birika ya mtu kwa kuwa tu ni mkarimu. La pili ni mahali pa wanawake kuswali njiani. Hapo dereva alicheka simuni, akasema mwanamke akibisha hodi nyumba yoyote Ngazidja atatandikiwa mswala, kwa kuwa nyumba ni za wanawake.

Maneno hayo si utani. Ngazidja nyumba ni ya mwanamke kweli kweli. Wazazi humjengea binti, mume ndiye anayehamia kwa mke, na ndoa ikivunjika anayefunga mzigo ni mwanamume. Ardhi na majumba ya ukoo huitwa manyahuli, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, wala hayauzwi. Wanazuoni wamejadiliana juu yake kwa muda mrefu, maana faraidh imempa mtoto wa kiume fungu lake kwa nassi iliyo wazi. Wapo wanaoifananisha manyahuli na wakf, kwamba bibi wa kwanza aliifunga mali kwa kizazi cha mabinti zake, na kwa njia hiyo isiwe mirathi. Mimi si kadhi wa huko. Ila nimeketi katika kesi nyingi za huku kwetu ambamo mjane alitolewa nje na mashemeji kabla ya eda kwisha, nao wakiitaja faraidh kwa midomo tu. Kila nikumbukapo hizo, siharakishi kuwatoa makosa watu wa Ngazidja.

Jambo jingine la huko ni harusi kubwa, wanayoiita anda. Si nikahi ya kawaida, kwa kuwa mtu huenda ameshaoa na kuzaa, kisha akaja kuifanya baada ya miaka ishirini. Ni dhahabu, ng'ombe, mchele, twarabu, siku baada ya siku. Aliyeitimiza huhesabiwa mtu mzima mwenye sauti katika baraza la mji. Asiyeitimiza hubaki katika safu ya wana wa mji, awe na ndevu nyeupe namna gani. Kuna wanaotumia akiba ya maisha yote. Binti yetu wa pili, tutakayefuatana naye kumsaidia bibi yake, amekuwa akizitazama picha za harusi hizo katika simu, na amevutiwa na wanawake waliopaka msindzano usoni, ule unga wa manjano wa msandali. Nimemwambia kwamba kutazama si haramu, bali asirudi na fikra za kunifilisi.

Anda hizo hufanywa zaidi mwezi wa Julai na Agosti, wakati Wakomoro wanaoishi Ufaransa wanaporudi nyumbani. Ndege hujaa, nyumba za wageni hupanda bei, na madereva wote wamekodiwa na maharusi. Msimu wa mvua na joto, kuanzia Novemba hadi Aprili, nao haumfai mzee. Nikachagua Septemba, hali ya hewa ni nzuri na wageni wamekwisha kuondoka. Nikajiona mtu wa hekima.

Kisha nikapanga njia. Uwanja wa ndege uko Hahaya, kaskazini ya Moroni, na kwa hivyo nilisema tutaanzia upande huohuo: Ntsaoueni, ambako wenyeji wanaonyesha kaburi la mmoja wa watu wanaosadikiwa kuuleta Uislamu kisiwani, Mitsamiouli na mchanga wake mweupe, kisha lile ziwa la chumvi lililokaa ndani ya kreta hatua chache tu kutoka baharini, tuteremke pwani ya mashariki kwa Mbeni na Chomoni, tupite Foumbouni, na Singani iwe siku ya tano, tukirejea Moroni. Mduara safi, hakuna kurudia njia. Nilimwonyesha mke wangu ramani nikitarajia sifa.

Aliitazama, akasema, "Sheikh, mama amebeba mali ya watu miaka hamsini, nawe wataka umzungushe kisiwa kizima kwanza atazame mchanga?"

Sikuwa na jibu. Nimesomesha mara ngapi kwamba amana huharakishwa kwa mwenyewe? Tukaipindua njia. Siku ya kwanza ni ya kupumzika Moroni. Asubuhi ya pili, baada ya alfajiri, tutashika njia ya kusini.

Moroni yenyewe inatosha siku moja ya mzee. Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani, wenye matao meupe yanayotazama bandari ya majahazi, ulijengwa mwaka 1427, na mnara wake uliongezwa mwaka 1921. Maji yakijaa, huonekana kama unaelea. Mitaa ya nyuma yake ni myembamba kama ya Lamu, na milango yake ya kuchongwa itamfanya mama ajione kwao. Kuna zawia ya Sayyid Muhammad Ma'ruf, aliyefariki mwaka 1905, aliyeieneza twarika ya Shadhiliya visiwani na kwetu pwani. Kuna jumba la makumbusho ambamo amehifadhiwa yule samaki wanayemwita gombessa. Wataalamu waliamini alikwisha duniani tangu zama za kale mno, hata akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa huko hawakuelewa kelele zote hizo, maana wao walikuwa wakimjua, na wakamwona nyama yake haina maana.

Njia ya kusini hupita Iconi, mji wa kale wa masultani, chini ya jabali kubwa. Yapata miaka mia mbili iliyopita maharamia kutoka Bukini walikuwa wakija kwa ngalawa kuteka watu wa visiwa hivi na kuwauza. Husimuliwa kwamba wanawake wa Iconi, walipoona hawana tena pa kukimbilia, walijirusha kutoka juu ya jabali lile wasitiwe mikononi mwa watekaji. Mwaka 2014 niliulizwa na kijana mmoja pale chini hukumu yao ni nini. Nilijibu kwamba hukumu ya kujiua inajulikana, na kwamba hukumu ya wanawake wale iko kwa Mwenye kujua walichokuwa wakikimbia. Mpaka leo sina jibu jingine.

Baada ya Iconi ni Singani. Mji umejengwa tena, na ardhi inayouzunguka ni mawe meusi ya mwaka 1977. Hapo tutakaa muda wowote utakaohitajika, na ratiba iliyobaki itasubiri. Tukimaliza, tutaendelea kusini hadi karibu na Chindini, ambako mashua huvuka kwenda kisiwa cha Mwali, kisha tugeuke mashariki. Foumbouni tutapita tu. Chomoni tutalala, kwa kuwa pale mawe meusi ya volkano na mchanga mweupe vimekutana, na kwa kuwa mke wangu ameomba siku moja ya kukaa bila kuzuru chochote. Njiani kuna mashamba ya vanila na mlangilangi. Komoro ndiyo inayoongoza duniani kwa mafuta ya mlangilangi, na maua yake huchumwa asubuhi mapema, mara nyingi na wanawake, kisha hutiwa katika mitungi ya kukenekea siku hiyo hiyo. Mafuta hayo huenda Ufaransa kutiwa katika manukato ambayo wachumaji hawatayanunua. Mama ameomba apelekwe mahali yanapokenekwa. Anasema anataka kuinusa tena ile harufu.

Kaskazini, karibu na Mitsamiouli, nitaomba gari lisimame ufukweni pa Galawa. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini mbele ya macho ya watu waliokuwa pwani. Walikufa 125, na miongoni mwao Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia. Watu wa vijiji vile waliingia majini na mitumbwi yao kuokoa. Tutawasomea Faatiha, tuendelee.

Bahari ya huko ina makaburi mengi. Katika kura ya mwaka 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, na cha nne, Maore, kikabaki na Ufaransa. Tangu mwaka 1995 Mkomoro hahitaji tu mashua kwenda kumwona shangazi yake Maore bali viza. Wasioipata huvuka usiku kutoka Ndzuwani kwa mashua ndogo, wakiwamo wajawazito na watoto wachanga, na wengi hawafiki. Ndugu zangu, mnapowaombea maiti wa baharini katika dua zenu, wakumbukeni hao.

Kuhusu swala, kwa kuwa nimeulizwa: tukinuia kukaa Moroni siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya msafiri ya kupunguza hukatika kwa madhehebu yetu. Wenyeji nao ni Mashafii, hawatatushangaa.

Sasa nirudi kwenye kibweta, maana habari imebadilika tangu nianze kuandika makala haya.

Nilimwomba dereva, kabla hatujaja, apite Singani aulize. Sikumpa jina la ukoo, kwa kuwa mama halijui; nilimpa jina la mwenyewe, jina la binti, na kwamba aliwahi kushona kofia Mombasa. Mama aliponisikia nikisema simuni "bangili mbili na kipini" alinikamata mkono. Akaninong'oneza nisitaje kitu kingine. Mwenye mali ajulikane kwa kueleza mwenyewe zilivyofungwa. Ndugu wasomaji, mama yangu hakusoma fiq'hi zaidi ya mambo ya twahara na swala, lakini hayo ndiyo yaliyomo katika mlango wa luqata, pale anayedai mali iliyookotwa anapotakiwa aeleze mfuko wake na kamba yake. Mimi mwenye vitabu nilikuwa nimekwisha kutoboa nusu ya siri.

Baada ya siku tisa dereva alituma ujumbe. Mama Mngazija alifariki zamani, Allah amrehemu. Binti yake yu hai. Aliolewa, akahamia Marseille, na sasa ni bibi mwenye wajukuu. Jamaa zake wa Singani walimpigia, naye akatuma sauti yake. Alizungumza Kiswahili cha Mombasa cha mtoto wa miaka saba, kilichochanganyika na Kingazidja na Kifaransa. Alisema hajui thamani ya hizo bangili wala hazikumbuki sura. Anachokumbuka ni kwamba mamake alikata upindo wa kanzu yake ya Idi, ya maua ya samawati, akazifungia humo, naye alilia kutwa kwa ajili ya kanzu.

Mama alisikiliza mara mbili. Hakusema ndiyo wala siyo. Aliniuliza tu kama tiketi zimekatwa.

Hazijakatwa, na tena haziwezi kuwa za Septemba. Bibi huyo huja Singani mwezi wa Agosti, kwa anda ya mpwa wake, na Septemba atakuwa amerudi Ufaransa. Kwa hiyo hekima yangu yote ya bei imekwenda na maji. Tutasafiri wakati wa watu wote, kwa nauli ya juu, na ndugu zangu wawili wameombwa waongeze mchango. Mmoja amekwisha kuleta na mwingine bado anafikiri. Siku za safari zimepungua kutoka tisa hadi saba, na huenda tusifike Chomoni. Nimewaandikia pia wenye elimu wa huko juu ya swali ambalo halijanitoka: ikiwa mama alimtunuku binti dhahabu lakini binti hakuipokea, je, hiba imetimia, au ni mirathi ya wote aliowaacha? Kwa madhehebu yetu hiba haitimii ila kwa kupokewa, nami sitaki kuibeba amana hadi mlangoni kisha niikosee kizingitini. Wamenijibu kwamba nije nayo, watu watakaa.

Tunaondoka juma la kwanza la Agosti, in shaa Allah. Kuna familia nyingi mjini kwetu zenye asili ya Ngazidja ambazo zimekatikiwa na jamaa zao. Aliye na barua, au jina la kuuliziwa pamoja na kijiji chake, alilete kwangu baada ya swala ya magharibi siku yoyote kabla ya Alhamisi ya mwisho ya Julai. Andikeni majina kwa hati ya kusomeka. Vifurushi visizidi kilo moja, na tafadhalini msilete achari, maana mara iliyopita chupa ilipasuka ndani ya begi, na nilikhutubia Moroni nikiwa nanukia maembe.